Dereva wa Soda Ameacha Soda

Jumatatu, 1 Septemba

Suruali ya Nicanor imepasuka leo mbele ya bendera. Shule zimefunguliwa, watoto wamepangwa uwanjani, wimbo wa taifa unapigwa, mwanangu akainama kuokota kofia yake, na suruali ambayo mama yake aliimaliza kushona wiki iliyopita ikaachia kwa nyuma kwa mlio ambao mwalimu anasema alidhani ni fataki. Mke wangu Amparo ni fundi cherehani. Nusu ya watoto wa San Cayetano wamevaa sare za mkono wake, na hakuna hata moja iliyowahi kumwaibisha hadharani. Alipoitwa kupeleka suruali nyingine alilia njia nzima. Si kwa sababu ya mtoto, kwa sababu ya mshono.

"Nilimpima Jumatano," anarudia tangu mchana. "Jumatano, Fidencio! Mtoto gani ananenepa kati ya Jumatano na Jumatatu?"

Mama mkwe alikuwa anakoroga maharagwe. Akasema vitambaa vya siku hizi havina nguvu.

Jumatano, 3 Septemba

Mwalimu kasisitiza mtoto apelekwe kliniki. Tumekwenda wote, maana Mama Crispina, mama mkwe wangu, hakubali kuachwa nyuma pakiwa na jambo. Daktari ni msichana kutoka mjini, Daktari Ochoa, kaletwa hapa milimani kwa mwaka mmoja. Mwembamba sana. Mama mkwe alimtazama juu hadi chini, akaninong'oneza kwa sauti ambayo hata wagonjwa wa nje waliisikia: "Huyu ndiye atatufundisha kula?"

Daktari akampima Nicanor urefu, uzito, akamtoboa kidole. Kisha akamgeuza, akatazama shingo. Nyuma ya shingo ya mwanangu pana weusi, umezunguka kama kola. Amparo anausugua tangu Pasaka: kwa sabuni, kwa limau, kwa jiwe la visigino. Kila Jumamosi bafuni kwetu ni vita.

"Mama, unamsugua hapa?"

"Nasugua, Daktari. Ila uchafu huu una kiburi."

"Huu si uchafu. Usimsugue tena, tafadhali. Ngozi inakuwa hivi mwili ukichoshwa na sukari."

 Aliyesema ni Nicanor: "Nilikuambia mimi naoga."

Daktari akamuuliza anakunywa nini asubuhi. Soda. Mchana? Soda. Shuleni je? "Shuleni wamekataza," mwanangu akajibu kwa masikitiko, kama mzee anayelalamikia serikali. "Inabidi ninywe getini kabla ya kuingia." Ana miaka tisa.

"Na nyumbani nani anaileta?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimevaa shati la kazi, jekundu, lenye picha ya chupa iliyoota mabawa kifuani. Mimi ni dereva wa lori la soda. Vijiji vyote vya milima hii vinanijua kwa honi. Nikaisoma kalenda ya ukutani kana kwamba ina habari mpya.

Daktari akasema ugonjwa wa sukari haujaingia, ila umesimama mlangoni na mkono uko kwenye kitasa. Nyumba nzima iache: soda, krispi, mikate ya sukari. "Mkimwachisha yeye peke yake mtakuwa mnamwadhibu. Ulimi wake umefundishwa. Hakujifundisha." Akaniuliza mimi nakunywa kiasi gani. Nikasema kidogo. Amparo alicheka mpaka nesi akachungulia.

"Lakini Daktari," nikasema, "hii si pombe. Mtu anaacha tu."

"Jaribu, halafu uje unieleze tofauti."

Akanishauri kiu ikinibana nishike kitu kingine mkononi. Ndiyo maana nimechukua hii shajara ya zamani ya kampuni, na kalamu.

Alhamisi, 4 Septemba

Mvua. Kichwa kinauma.

Ijumaa, 5 Septemba

Mvua. Kichwa. Nimemfokea mbwa wa jirani. Hakuwa amefanya kitu, alikuwa amelala.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo Nicanor amelia kwa sababu tortila, chapati yetu ya mahindi, ni ya duara.

"Unataka iwe ya pembe?" nikamuuliza.

"Sijui! Sitaki iwe hivi!"

Akasukuma sahani, akasema maharagwe yanamtazama. Mama mkwe akasema mtoto kalogwa na yule daktari mwembamba. Amparo akasema anadeka. Mimi nilikuwa namtazama mikono. Vidole vilikuwa vinatetemeka, na jasho limemtoka juu ya mdomo. Niliwahi kumwona mtu hivyo, meza ile ile, kiti kile kile: ndugu yangu Abundio, juma lile alilojaribu kuacha pombe. Abundio tulimhurumia, tukamshika mkono, tukamwita padri. Huyu tulimwambia amalize maharagwe.

Jumatatu, 8 Septemba

Amparo kavuta kifuniko cha cherehani, mkate wa sukari ukabingirika hadi mlangoni.

"Ni wangu," mama mkwe akasema upesi.

"Mama, huna meno ya kutafuna huu."

"Naunyonya."

Jumanne, 9 Septemba

Mvua. Tumekunywa maji ya rozela bila sukari. Ladha yake kama kuitwa ofisini.

Ijumaa, 12 Septemba

Nilikuwa nashusha makreti dukani mbele ya shule, nikaona foleni ya watoto ukutani. Nikadhani kuna mwuza krispi mpya, nikasogea nimfukuze. Hakukuwa na mwuzaji. Mwanzo wa foleni alikuwepo mwanangu, kaegemea ukuta, shati kalivuta juu, kofia kaiweka chini. Mtoto anakuja, anamgusa tumbo kwa viganja viwili, anafumba macho, anadondosha pipi kwenye kofia, anaondoka. Wanafunzi wa darasa la sita walikuwemo, karibu waote ndevu.

"Nicanor! Ni nini hiki?"

"Bahati, Baba." Hakushtuka hata kidogo. "Leo wana mtihani wa hesabu. Wiki iliyopita walinigusa kabla ya mechi, wakashinda."

"Na hizo pipi?"

"Hizo si za kwangu. Za tumbo."

Nilicheka. Sina budi kuandika kwamba nilicheka, tena sana, mpaka nikaketi kwenye kreti. Nikaimwaga kofia, nikampandisha garini nimpeleke nyumbani. Njiani nikawa nacheka bado. Tukapita daraja, akauliza, akiwa anatazama dirishani:

"Baba, nikikonda, watapanga foleni ya nini?"

Nikawasha wipa, ingawa mvua ilikuwa imekatika.

Jumapili, 14 Septemba

Leo nyumba imewaka moto. Baada ya misa Nicanor alipotea, Amparo akamkuta nyuma ya kanisa na bibi yake, mama mkwe kamkinga kwa shali kama kuku anavyofunika kifaranga, na ndani ya shali mtoto anamalizia tamale la pili, donge la unga wa mahindi lenye nyama ya nguruwe, soda iko mfukoni mwa bibi.

Mbele ya watu Amparo hakusema. Alisubiri tufike nyumbani.

"Mama, unataka kumuua?"

"Mimi? Mimi ndiye namlisha!"

"Ndiyo hiyo hiyo!"

"Usiniambie hivyo, Amparo. Usiniambie kabisa." Mama mkwe alikuwa bado kavaa shali la kanisani, sauti ikawa ndogo. Simjui akiwa na sauti ndogo. "Kabla yako nilizaa wawili. Walikuwa wembamba kama uzi. Nilikuwa nikiwabeba nahisi nimebeba nguo. Wote wawili nimewazika ndani ya msimu mmoja wa mvua. Nikasema nikipata mwingine, atakuwa mnono. Mtoto mnono ni mtoto ambaye sitamzika."

Amparo akakaa chini. Nilijua walikuwepo hao watoto, majina yao yako kwenye msalaba makaburini. Sikujua mengine. Miaka yote nimemwona mama mkwe kama mwanamke anayependa kushindana na sahani. Kila nikishiba anaongeza, nami nikidhani ananidharau.

"Daktari anasema huyu tunaweza kumpoteza kwa kumlisha, Mama," Amparo akasema taratibu.

 Mvua kwenye bati. Kisha mama mkwe akavua shali, akalikunja.

"Basi mwambieni huyo daktari aje ale hapa. Nimwone mwenyewe akila. Mtu asiyekula simwamini kwa jambo la chakula."

Jumanne, 16 Septemba

Gwaride la Uhuru. Nicanor kapiga ngoma vizuri mpaka kona ya soko, hapo pumzi ikaisha. Akaketi ngazi za kanisa na ngoma mapajani, akaendelea kupiga akiwa amekaa. Gwaride likaenda, yeye akabaki nyuma na mdundo wake, na watu wakampigia makofi. Wengine walikuwa wanacheka. Nilijitahidi nisijue ni wepi.

Jumamosi, 20 Septemba

Daktari kaja. Mama mkwe kaamka alfajiri kusaga mahindi. Maharagwe, maboga machanga, mayai yenye nyanya na pilipili, tortila moto moto. Daktari Ochoa akala sahani, akaongezewa, akaongezewa tena, akafuta sahani kwa tortila, akauliza kama kuna maboga zaidi. Mama mkwe alisimama kando na mwiko, mdomo wazi.

"Unaweka wapi, binti yangu?"

"Natembea vijiji vyote kwa miguu, Bibi. Kliniki haina gari."

"Anakula!" mama mkwe akatutangazia, kana kwamba sisi tulikuwa chumba kingine. "Anakula kama mchimba kaburi!"

Wakaanza kuzungumza kama marafiki wa zamani. Daktari akamuuliza zamani walikunywa nini shambani. Pozol, mama mkwe akasema, uji baridi wa mahindi. Unga unakorogwa kwenye maji kwa mkono, basi. Sukari? "Sukari ya nani? Tulikunywa hivyo hivyo, chumvi kidogo na pilipili. Hayo ni mambo ya kabla lori la mkwe wangu halijapanda huku."

Wote wakanigeukia tena. Ningejua ningevaa shati jingine.

Nicanor alionja pozol, akasema ni kama kunywa ukuta. Lakini alimaliza, kwa sababu bibi yake alikuwa anamtazama kwa macho yale ya siku ya tamale.

Jumatano, 24 Septemba

Mvua. Cherehani. Mvua.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimekunywa moja leo, kona ya El Carrizal, nikiwa peke yangu garini. Moja ndogo. Kizibo kilikuwa kimelegea, ingeharibika bure.

Ijumaa, 26 Septemba

Vizibo vingi vimelegea wiki hii. Itabidi kiwanda kiangalie mashine zao.

Jumanne, 30 Septemba

Amparo kaninusa. Nimesema ni harufu ya lori.

Jumamosi, 4 Oktoba

Naandika mezani, nguo zimenikaukia mwilini. Nataka niandike yote kabla sijaanza kuyapunguza.

Amparo alikuwa na gauni la bibi harusi la kumaliza, akaniambia niende na Nicanor kazini. Tulipanda na mzigo kamili. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na tulipofika El Carrizal tukakuta mlima umekuja barabarani: udongo, miti, na mwamba mkubwa kuliko kanisa letu. Nyuma yetu magari yakajipanga, huwezi kwenda mbele, huwezi kugeuza. Aliyetufuatia ni basi la wapiga marimba, waliokuwa wanakwenda kwenye sherehe ya mtakatifu wa kijiji cha juu.

Tulikuwa na tortila na mayai ya kuchemsha. Viliisha mapema, maana kukaa bila kazi kunaleta njaa kuliko kulima. Maji nayo yakaisha. Na nyuma ya migongo yetu, makreti kwa makreti, shehena nzima ya soda. Kila upepo ukitikisa lori chupa zinagongana, kama watu wanaocheka chumba cha pili.

"Baba, zinatuita."

"Nazisikia."

"Moja tu. Tugawane."

"Hapana. Mimi na wewe tumekubaliana."

Nilijisikia baba wa mfano. Nicanor akatoa kikombe dirishani akinge mvua. Kilijaa polepole. Tukanywa, yeye kwanza, mimi baadaye. Tukacheza kutaja wapiga mieleka.  Mchana ukapita, akajikunja kwenye kiti na kusinzia.

Nami nikashuka kukagua kamba.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia, "nakagua kamba". Nikazunguka nyuma, nikainua turubai, na mkono ulikwenda wenyewe bila kuuliza mtu. Ilikuwa ya vuguvugu, tamu mpaka meno yakauma, na sikusimama kupumua. Nikashusha chupa. Nicanor alikuwa amesimama kwenye tope, nywele zimelowa, kashika kikombe kwa mikono miwili asimwage.

"Nilikuletea maji," akasema.

Nikasema kile nilichozoea kusema. "Kizibo kilikuwa kimelegea."

"Hakikulegea, Baba. Nimekisikia."

Nilisubiri alie. Nilisubiri aniite mwongo, nilikuwa tayari. Badala yake akaketi kwenye ngazi ya lori, akakiweka kikombe chini, akanitazama kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.

"Kumbe hata wewe."

"Hata mimi."

"Nilidhani ni mimi tu." Akavuta kamasi. "Nilidhani watu wote wanaweza kuacha, mimi ndiye mbovu. Watu wananiita Kibonge, wanasema sina adabu ya tumbo. Mimi naiambia mikono isichukue, inachukua."

Nikaketi karibu naye, mvua yote ikituangukia. Nikamweleza habari za vizibo vyote vya wiki mbili zile. Alicheka kwenye kile cha Jumanne, mama yake aliponinusa. Naye akanieleza kwamba biashara ya tumbo haikufa, ilihamia nyuma ya soko. Tukakaa tukiambiana kama wezi wawili. Sijawahi kuzungumza hivyo na mtu yeyote, hata na Abundio.

"Baba, zikiwepo tutakunywa," akasema mwishowe.

"Tutakunywa."

"Basi zisiwepo."

Kabla sijaelewa alikuwa keshafika mlango wa basi. "Soda bure!" Sauti hiyo kairithi kwa mama yake. "Soda bure, jamani! Baba yangu anagawa!"

"Nicanor! Rudi hapa!"

Kuwazuia wapiga marimba waliokaa na kiu tangu asubuhi ni sawa na kuuzuia ule mlima. Walishuka na kofia zao na mashati ya maua, wakafuatwa na watu wa magari ya nyuma, mama na kuku wake, mafundi wa umeme, padri wa kijiji cha juu. Nilisimama nimeshika kichwa. Kisha, sijui ni nini kilinipata, nikapanda juu nikaanza kugawa mwenyewe. Nilihisi wepesi ambao sijauhisi tangu harusi yangu. Mzee mmoja wa marimba akanirudishia chupa: "Huna ya baridi, ndugu?"

Walitushukuru kwa walichokuwa nacho. Wakatoa marimba, wakaifunika kwa turubai langu, wakapiga. Watu wakacheza kwenye tope. Mwanangu alicheza na yule mama wa kuku. Aliishiwa pumzi, akaketi, akapata pumzi, akacheza tena.

Tingatinga lilipofungua njia, lori lilikuwa na sauti ya debe tupu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Bwana Hilario, mkubwa wangu wa kazi, aliniita.

"Maporomoko yamechukua mzigo?"

"Hapana, mkubwa. Mwanangu."

Nilimweleza yote. Alisikiliza, akavua miwani, akaivaa tena. "Fidencio, ningeweza kuandika ni maporomoko. Ungekubali tu." Nikamwambia nimeshasema uongo mwingi kuhusu vizibo. Hakuelewa, na sikumfafanulia. Akapiga kelele mpaka makarani wakatoka nje. Mwisho akasema nichague: nikabidhi shati, au niende lori la maji, lile la madumu makubwa. Hakuna dereva anayelitaka. Madumu mazito, ngazi nyingi, malipo kidogo.

Nikauliza kama wana shati la saizi yangu.

Jumanne, 7 Oktoba

Mama mkwe kawaeleza majirani wote. "Mbingu inamwaga maji bure tangu Mei, mkwe wangu anapita anayauza."

Jumatano, 8 Oktoba

Kichwa hakiumi tena. Sasa ni mgongo.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimepita mbele ya shule na madumu. Foleni ipo. Nikashuka nikiwa nimekasirika, nikasogea. Shati la Nicanor lilikuwa limechomekwa. Alikuwa anasimulia habari za El Carrizal, na watoto wamepanga mstari kwa sababu anasimulia kwa zamu, kundi moja moja, ili wengine wasisikie mwisho kabla ya wakati. Kwenye simulizi lake mwamba ulikuwa mkubwa kuliko mji, mimi nilikuwa nimefungwa kamba, na padri alicheza na kuku. Mtoto mmoja akanyoosha mkono kumgusa tumbo.

"Tumbo limefungwa," Nicanor akamwambia. "Sikiliza au ondoka."

Jumapili, 19 Oktoba

Sherehe ya kuzaliwa ya binamu yake. Keki ya maziwa, Nicanor kaila mpaka akatapika kwenye maua ya shangazi. Amparo alikuwa anaanza kumfokea, mama mkwe akamzuia mkono. "Mwache. Kesho ataanza tena." Nikamtazama mama mkwe nikidhani nimesikia vibaya.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kliniki. Nicanor uzito ni karibu ule ule, ila kaongezeka urefu. Sukari ya damu imerudi nyuma kidogo, imeachia kitasa. Shingo bado nyeusi. Daktari akafurahi kana kwamba amepata zawadi.

"Mateso yote haya," mama mkwe akalalamika, "na mzani unasema vile vile?"

"Bibi, kijana anakua. Mzani ukisimama wakati kijana anapanda, tumeshinda. Shingo itachukua muda."

Amparo akaweka kidole kimoja nyuma ya shingo ya mwanawe, taratibu, hakusugua. Akakiacha hapo mpaka daktari alipomaliza kuandika.

Jumapili, 2 Novemba

Jua. Mvua zimekwisha, milima imejitokeza yote kama watu waliotoka kuoga.

Siku ya Wafu tumekwenda makaburini na maua ya manjano, mishumaa, tamale, na ubani. Watu wote walikuwa huko, wamekaa kwenye makaburi yao wakila, mahali fulani wanapiga marimba, mahali fulani wanagombana. Tulipalilia kwa wale watoto wawili, kisha kwa Anselmo, mume wa mama mkwe. Anselmo alikatwa kidole cha mguu, halafu mguu, halafu tukamzika. Nyumbani siku zote tumesema alikufa kwa mguu. Hakuna aliyewahi kusema sukari.

Mama mkwe akapanga vitu vyake: tamale, sigara moja, kofia. Mwisho akatoa kwenye kikapu chupa ya soda. Kubwa, yenye baridi, imetoka jasho. Anselmo aliipenda, kila mwaka anawekewa, na kila mwaka marehemu akishamaliza kuinusa, sisi wengine tunaimaliza.

 Nilikuwa natazama matone yanavyoteremka ubavuni mwa chupa. Nikasikia mtu anameza mate, nikadhani ni mimi.

"Bibi," Nicanor akasema, "naitaka hiyo mpaka masikio yanawasha."

"Na mimi," nikasema.

Amparo akatutazama, akafumba macho. "Mungu wangu, na mimi."

Mama mkwe akatuangalia mmoja mmoja, kisha akaiangalia chupa kwa muda mrefu, kama anayeisoma. Midomo ilikuwa inamcheza. Akaifungua. Ikalia ule mlio wake. Akapiga goti, kwa shida, akakataa mkono wangu, akaanza kuimimina kwenye udongo wa kaburi, polepole, mpaka tone la mwisho.

"Kunywa, Anselmo," akamwambia. "Kunywa wewe. Wewe haiwezi kukufanya kitu tena."

Udongo ukanywa. Povu likapanda, likachemka kati ya maua, likatoa sauti ndogo ndogo za kupasuka. Nicanor akalala kifudifudi, akaweka sikio juu ya kaburi, akasikiliza kwa makini mpaka povu likatulia.

"Bibi," akasema, "Babu anacheua."

Mama mkwe akajifunika mdomo kwa shali. Mabega yakaanza kumtikisika, nami kwa muda sikujua kama analia, mpaka kicheko kilipomtoka, kikubwa, na watu wa makaburi ya jirani wakageuka kututazama.